Fridtjof Nansen, baba wa pasipoti ya wakimbizi, aliyeamini ushuhuda wa mwani wa barafu

Mwaka 2013, mjini Geneva, Sista Angélique Namaika alipokea tuzo ya HCR kwa kazi aliyofanya Dungu, katika Haut-Uele, ya kuwasaidia wanawake na wasichana waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa LRA. Tuzo hiyo inaitwa Tuzo ya Nansen. Kwa Wakongomani wengi, jina hilo halisemi mengi. Wanaolijua wanajua kwamba Fridtjof Nansen, raia wa Norwe, alikuwa kamishna mkuu wa kwanza wa wakimbizi duniani, na kwamba alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922.

Linalosahaulika ni kwamba mtu huyo alikuwa amekaribia miaka 60 alipoanza kazi ya wakimbizi. Kabla ya hapo maisha yake yalikuwa ya bahari, barafu na mikroskopu. Na katika uamuzi mkubwa kuliko yote ya ujana wake, uamuzi ulioweka maisha ya watu 13 hatarini, mmoja wa mashahidi wake ulikuwa uchafu kidogo wa rangi ya udongo, uliojaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho.

Nansen alizaliwa tarehe 10 mwezi wa kumi 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao leo unaitwa Oslo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mtoto alikulia msituni na kwenye theluji, akiteleza kwa ski tangu utotoni. Alipoingia chuo kikuu alichagua elimu ya wanyama, kwa sababu aliona kazi hiyo itamwezesha kuishi nje, mbali na ofisi. Mwaka 1882, akiwa na miaka 20, alipanda meli ya wawindaji wa sili iliyoitwa Viking. Meli ilinaswa na barafu mbele ya pwani ya Greenland, na kijana akapata muda wa kutosha wa kuitazama barafu inavyotembea.

Aliporudi alipewa kazi katika jumba la makumbusho la Bergen. Huko alichunguza mishipa ya fahamu ya wanyama wadogo wa baharini, na mwaka 1888 alitoa kazi yake ya udaktari juu ya jambo hilo. Mwaka huohuo, pamoja na wenzake watano, alivuka Greenland kwa ski kutoka mashariki hadi magharibi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alirudi nyumbani akiwa shujaa wa taifa. Mwaka uliofuata alimwoa Eva Sars, mwimbaji, binti wa Michael Sars, mmoja wa wataalamu wakubwa wa viumbe vya baharini katika Norwe.

Lakini kitu muhimu alichokipata mwaka 1888 hakikuwa sifa. Juu ya barafu inayoelea mashariki ya Greenland alikuwa amekusanya vumbi na matope yaliyokuwa yameshikamana na barafu hiyo. Aliyapeleka kwa wataalamu wa Sweden. Mmoja wao, profesa Per Teodor Cleve wa Uppsala, alikuwa bingwa wa diatomu, yaani mwani mdogo sana wenye seli moja na ganda linalofanana na kioo. Cleve aliyaweka matope hayo chini ya mikroskopu na akashangaa. Kati ya maelfu ya sampuli alizokuwa amekwisha kuziona, moja tu ilifanana na hii: ile iliyokusanywa na safari ya meli Vega juu ya kipande cha barafu huko Cape Wankarema, karibu na mlango-bahari wa Bering. Yaani upande wa pili kabisa wa bahari ya Aktiki, kati ya Siberia na Alaska.

Mwani hauna miguu wala mabawa. Kama mwani wa aina moja uko juu ya barafu ya Bering na juu ya barafu ya Greenland, basi kuna kitu kimeubeba. Nansen aliona jibu moja: barafu yenyewe inasafiri, inavuka juu ya ncha ya kaskazini au karibu nayo, na kutokea upande mwingine.

Hakuwa na ushahidi huo peke yake. Mwaka 1881 meli ya Wamarekani iliyoitwa Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia ikazama. Miaka mitatu baadaye, vitu vyake vilipatikana juu ya barafu kusini-magharibi mwa Greenland, pamoja na suruali ya mmoja wa mabaharia. Pia miti ya Siberia huokotwa kwenye pwani za Greenland. Nansen aliviunganisha vyote: suruali, magogo na mwani. Kisha akatoa mpango ambao wengi waliuona ni wazimu. Atajenga meli ngumu, ataipeleka Siberia, ataiacha inaswe na barafu kwa makusudi, na kungoja.

Wakubwa wa safari za Aktiki walimpinga. Adolphus Greely, jenerali wa Marekani ambaye safari yake mwenyewe ilikuwa imepoteza watu wengi kwa njaa, alisema wazi kwamba mpango huo ni wa kijinga. Hofu yao ilikuwa na maana: mpaka wakati huo, meli iliyonaswa na barafu ilikuwa meli iliyokwisha kufa. Bunge la Norwe lilitoa fedha hata hivyo, na fundi Colin Archer akajenga meli yenye tumbo la mviringo, ili barafu ikibana, meli ipande juu badala ya kupondwa. Waliiita Fram, maana yake mbele.

Chumvi katika barafu

Fram iliondoka Christiania tarehe 24 mwezi wa sita 1893. Mwisho wa mwezi wa nane, mbele ya pwani ya Siberia, jambo la ajabu lilitokea. Bahari ilikuwa tulivu, mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini meli ilikuwa kama imeshikwa na mkono kutoka chini. Ilikuwa ikitambaa tu. Nansen aliandika kila kitu, na baadaye kijana wa Sweden, Vagn Walfrid Ekman, alieleza sababu. Mito ya Siberia na barafu inayoyeyuka humwaga maji matamu, na maji matamu ni mepesi, yanalala juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika upesi. Meli ilikuwa inapoteza nguvu zake kwa kutengeneza mawimbi yasiyoonekana kati ya matabaka hayo mawili. Wakaaji wa Goma na Bukavu wana mfano wa matabaka kama hayo mlangoni mwao: katika Ziwa Kivu, maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito kuliko ya juu, na hiyo ni sababu moja inayofanya gesi ibaki imefungwa chini.

Mwezi wa tisa barafu iliikamata Fram. Ikabana, mbao zikalia, meli ikapanda juu kama Archer alivyotaka. Watu 13 wakaanza maisha ya kungoja. Walikuwa na taa za umeme zilizowashwa na kinu cha upepo, vitabu vingi, na chakula cha miaka mitano. Safari ilikuwa ya polepole sana, mara nyingine barafu iliwarudisha nyuma, na Nansen, mtu asiyeweza kukaa bure, aliteseka kwa kukosa la kufanya.

Kiangazi cha mwaka 1894 kilimpa kazi. Jua halikuzama. Uso wa barafu ukajaa madimbwi ya maji yaliyoyeyuka, na chini ya madimbwi hayo Nansen aliona madoa ya rangi ya kahawia. Alichota, akaweka chini ya mikroskopu. Ulikuwa mwani, na kati ya mwani walikuwa wanatembea vijidudu vya seli moja wakiula. Katika nafasi za maji kati ya vipande vya barafu aliona pia mabonge ya utelezi wa kahawia yanaelea. Mahali ambapo watu waliamini ni jangwa la baridi palikuwa pamejaa uhai.

Jambo lililofanya uhai huo uwe wa kustaajabisha ni chumvi, zaidi hata ya baridi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 katika kila kilo, karibu vijiko viwili vya chakula. Yanapoganda, barafu haipokei chumvi. Fuwele za barafu zinajengwa kwa maji peke yake, na chumvi inasukumwa pembeni, ndani ya vitundu na mifereji midogo iliyobaki na maji. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo maji mengi zaidi yanavyoganda na kuacha chumvi ileile ndani ya maji machache. Kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri, maji ya vitundu hivyo yana chumvi karibu mara tatu ya bahari. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri yanafikia gramu 140 na zaidi kwa kilo, mara nne ya bahari. Mwani ulionaswa wakati wa kuganda unaishi humo, gizani, miezi yote ya majira ya baridi.

Kisha jua linarudi na mambo yanageuka. Barafu inayeyuka kutoka juu, maji matamu yanashuka kupitia mifereji ileile na kuisafisha chumvi yake. Ndiyo sababu barafu ya zamani, iliyopita kiangazi, inaweza kuyeyushwa na kunywewa, jambo ambalo mabaharia wa Aktiki wanalijua vizuri. Kwa mwani, maana yake ni kwamba katika mwaka mmoja unatoka kwenye maji yenye chumvi mara nne ya bahari hadi kwenye maji yanayokaribia ya mvua.

Kila mpishi wa makayabo anaijua hatari hiyo, hata kama hajawahi kuiita kwa jina la kisayansi. Samaki akipakwa chumvi, maji yanamtoka, anakauka na kukaza. Kabla ya kupikwa analazwa kwenye beseni la maji; maji yanarudi ndani na nyama inavimba. Maji hufuata chumvi. Seli ya mwani ikizungukwa na chumvi nyingi inanyonywa maji, inasinyaa, na kazi yake ya kutengeneza chakula kwa mwanga inashuka. Ikizungukwa ghafla na maji matamu, maji yanaingia kwa nguvu, inavimba, na inaweza kupasuka.

Samaki aliyekufa hana la kufanya. Mwani ulio hai unajitetea. Kwanza, katika muda mfupi, unabadilisha madini yaliyo ndani ya seli, hasa potasi. Halafu, kwa saa na siku zinazofuata, unatengeneza vitu vyake wenyewe vya kushika maji ndani bila kuiharibu seli: aina za sukari, prolini ambayo ni moja ya vipande vinavyojenga protini, na kemikali yenye salfa ambayo wataalamu wanaifupisha kwa herufi DMSP. Chumvi ikipanda, akiba hiyo inaongezeka. Chumvi ikishuka, mwani unaivunja au kuitupa nje haraka ili usipasuke. DMSP inayotupwa baharini huliwa na bakteria, na sehemu yake inageuka gesi inayopanda angani na kusaidia mawingu kuundwa. Diatomu za barafu hutoa pia utelezi unaozunguka seli na kuziba vitundu, ukizuia maji yenye chumvi yasitiririke yote, na protini zinazoshika fuwele za barafu zisikue na kuzichoma.

Kuna njia nyingine iliyo rahisi: kuchagua mahali pa kukaa. Sehemu ya juu ya barafu inagusa hewa ya baridi, kwa hiyo chumvi yake ni kali. Sentimita chache za chini zinagusa bahari, na chumvi yake inakaribia ile ya bahari. Mwani mwingi unakusanyika huko chini, ambako pia chakula chake kinaletwa na maji. Muda nao una uzito wake. Mabadiliko ya polepole, ya siku nyingi, mwani wa barafu unayavumilia kwa kiasi ambacho kingeua mwani wa kawaida wa baharini. Mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayouumiza.

Sehemu kubwa ya maelezo haya yalipatikana katika karne ya 20, Nansen akiwa amekwisha kufa. Yeye aliona uhai, akauchora kwa mkono wake mzuri wa uchoraji, akaufunga kwenye chupa na kuupeleka nyumbani.

Kurudi

Kabla ya kuupeleka nyumbani, ilibaki kurudi akiwa hai. Mwanzoni mwa mwaka 1895 ilionekana wazi kwamba Fram haitapita kwenye ncha yenyewe ya kaskazini. Tarehe 14 mwezi wa tatu Nansen aliiacha meli kwa Otto Sverdrup, akaondoka na Hjalmar Johansen, mbwa 28 na mashua mbili ndogo. Hakukuwa na njia ya kuirudia meli, kwa kuwa ilikuwa inaendelea kusafiri na barafu. Tarehe 8 mwezi wa nne walifika zaidi ya nyuzi 86 za kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, wakageuka. Mbwa waliuawa mmoja mmoja kuwalisha wengine. Majira ya baridi yaliwakuta Franz Josef Land, ambako walikaa miezi minane katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila dubu. Mwezi wa sita 1896 walikutana kwa bahati na Mwingereza Frederick Jackson, na tarehe 13 mwezi wa nane walishuka Vardø, katika Norwe.

Siku hiyohiyo, kaskazini mwa Spitsbergen, Fram ilichomoka kutoka kwenye barafu. Watu wote 13 walirudi wazima. Barafu ilikuwa imevuka Aktiki kama matope ya mwaka 1888 yalivyosema.

Chupa zilifunguliwa. Diatomu alipewa Haaken Hasberg Gran, ambaye mwaka 1904 alitoa kazi juu ya diatomu za vipande vya barafu za Aktiki. Mwaka 1906 Nansen mwenyewe alitoa kazi yake juu ya vijidudu vya seli moja alivyoviona kwenye barafu. Alikuwa sasa profesa, na mambo ya bahari yalikuwa yamemteka kuliko wanyama. Alitengeneza chupa ya kuchota maji kwenye kina kinachotakiwa, ili chumvi na joto la bahari vipimwe bila kuchanganya maji ya chini na ya juu. Chupa ya Nansen ilitumika kwenye meli za utafiti kwa miaka mingi.

Siasa ilimchukua polepole. Norwe ilipoachana na Sweden mwaka 1905 alikuwa mmoja wa waliotetea uhuru wake, kisha akawa balozi London. Eva alikufa mwaka 1907 akiwa Norwe, Nansen hajafika. Mwana wao Asmund alikufa mwaka 1913. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Jumuiya ya Mataifa ilimpa kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita. Zaidi ya watu 400000 walirudishwa. Mwaka 1921 akawa kamishna wa wakimbizi wa Urusi, watu ambao serikali yao mpya ilikuwa imewanyang'anya uraia. Bila karatasi hawakuweza kuvuka mpaka wala kupata kazi. Mwaka 1922 ofisi yake ilianza kutoa cheti ambacho watu walikiita pasipoti ya Nansen, na nchi zaidi ya 50 zilikuja kukikubali. Waarmenia nao walikipata. Fedha za Nobel alizitumia kwa kazi za msaada.

Alikufa tarehe 13 mwezi wa tano 1930, nyumbani kwake Polhøgda, akazikwa katika bustani ya nyumba hiyo.

Mwani aliouchungulia mwaka 1894 uko bado katikati ya maisha ya Aktiki. Wadudu wadogo wa maji wanaula, samaki wanawala wadudu, sili wanawala samaki, dubu wanawala sili. Lakini barafu inapungua na inayeyuka mapema, na maji matamu yanaongezeka juu ya bahari. Mwani unakutana na upungufu wa chumvi mapema zaidi katika mwaka, na kwa ghafla zaidi. Mwaka 2012, kiangazi ambacho barafu ilipungua kuliko kiangazi chochote kilichokuwa kimepimwa, watafiti wa meli ya Ujerumani, Polarstern, walikuta mabonge ya mwani wa barafu aina ya Melosira arctica yamelala kwenye sakafu ya bahari, kina cha mita zaidi ya 4000, yameanguka kutoka kwenye barafu iliyoyeyuka.

Mwaka 2019 Polarstern ilirudi kufanya kama Fram: ikajifunga kwenye barafu upande wa Siberia na kuachia mkondo uibebe, wataalamu wakipima chumvi, mwanga na mwani mwaka mzima. Kipande cha barafu kilichobeba kambi yao hakikudumu kama kile cha Nansen. Kilivunjika mwisho wa mwezi wa saba 2020, karibu na mlango-bahari kati ya Greenland na Svalbard ambao kwenye ramani unaitwa Fram.